Sura ya Saba: Barua Iliyokatwa Pambizo

Sahani ilikuwa safi mno, na Bwana Afya hakuupenda usafi wa namna hiyo. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kuwahimiza watu wafunike maji na wanawe mikono, na mtaani walimwogopa kiasi kwamba akionekana kona ya kwanza, mwenye mkahawa wa kona ya tatu anafunika masufuria. Lakini sahani hii ndogo, yenye rojo jekundu la kuoteshea vijidudu, ilipaswa kuwa chafu.

"Siku tatu kwenye joto," alisema Mama Hadubini, fundi wa maabara, akiigeuzageuza mbele ya dirisha. "Hata doa la kusingizia hakuna."

"Na maji yenyewe yalikuwaje?"

"Maji ya uti wa mgongo yalitoka na ukungu, kama yaliyooshea mchele. Usaha tele. Kwenye hadubini nimeviona vijidudu viwili vitatu, vimelegea kama walevi wa mwisho wa mwezi. Vipo, ila havioti."

"Yaani nyumba imevunjwa, vyombo vimetapakaa, na mwizi hakuacha unyayo."

"Unyayo ndio huo utupu. Kuna mtu alitutangulia, Bwana Afya. Mtoto huyu alipewa dawa kabla hajaletwa hapa. Ilivipiga vijidudu kiasi cha kuvifanya visiote, si kiasi cha kuviua."

Bwana Afya alifungua faili. Mtoto wa kiume, wiki sita, kitanda cha sita. Homa, degedege, utosi umevimba: homa ya uti wa mgongo. Kwenye mstari wa dawa alizotumia kabla ya kulazwa, muuguzi alikuwa ameandika "Hakuna". Mbele kidogo, kwa kalamu ileile, akaongeza: "Mama anasisitiza hakuna."

"Asiye na kitu husema hakuna mara moja tu," alisema Bwana Afya.

Daktari wa watoto aliingia bila kubisha. Alikuwa binti mdogo kwa umri, mwenye macho ya mtu ambaye kitanda chake anakiona kwa mbali.

"Umepata?"

"Ndiyo kwanza naanza. Nieleze tena, polepole. Mimi ni mtu wa vyoo."

Daktari hakucheka. "Dawa mbili za mwanzo leo ziko siku ya nne, na homa haijashuka hata nukta. Dawa ya tatu ninayo stoo. Ya mwisho iko hospitali kuu, kwenye kabati lenye kufuli, na Mwenye Kabati haitoi mpaka fomu ionyeshe mtoto alishakula dawa gani. Anailinda, na simlaumu, maana vijidudu vikiizoea na hiyo, hatuna nyingine. Mwezi jana nilimwandikia 'huenda'. Alinirudishia fomu."

"Huenda haifungui kufuli."

"Haifungui. Gari la kwenda huko linaondoka leo saa tisa alasiri. Lingine ni Ijumaa. Nikimwanzishia ya tatu, kumbe vijidudu vimeshakuwa sugu kwake, nitajua Ijumaa. Ijumaa mtoto hayupo."

Bwana Afya alitazama saa yake. Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi. Alichukua daftari lake dogo na kofia yake, akaenda wodini.

Mama wa mtoto alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda cha sita, ameikalia mikono yake yote miwili. Mtoto alilala ubavu, mpira mwembamba puani, kichwa kimejipinda kwa nyuma. Hakulia. Alikuwa akiguna tu, mguno mdogo kila anapotoa pumzi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Mikono imefanya nini mpaka ikafungwa?"

"Nikimshika anaumia. Wameniambia nisimnyanyue. Sasa nimeikalia, isije ikajisahau."

Bwana Afya alivuta kigoda. "Mdogo anaitwa nani?"

"Bado. Baba yake alisema nisimpe jina, atakuja nalo mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Jangwani, kwenye kambi ya mafuta. Aliondoka mimba ina miezi miwili." Alisema kama mtu anayehesabu punje moja moja. "Simu inashika Ijumaa moja kwa mwezi, wanapanda kilima kwa zamu. Siku nyingine ni barua, wanatuletea madereva wa malori."

"Homa ilipoanza ulimpa nini mtoto?"

"Hakuna."

"Hata ya kushusha homa?"

"Hakuna, baba. Maziwa yangu tu."

"Jirani? Duka? Bibi yake?"

"Nimesema hakuna."

Mkono mmoja ulitoka chini ya paja, ukapapasa fundo dogo kwenye pindo la nguo yake, ukarudi mahali pake. Bwana Afya aliliona fundo. Alidhani ni nauli, maana wanawake wengi huifunga hapo, akafunga daftari akaondoka. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza siku hiyo.

La pili alilifanya nje ya geti. Mkabala na hospitali palikuwa na duka la dawa lenye dirisha moja, na mwenyewe watu walimwita Dirisha. Bwana Afya alikuwa ameshamfungia mara mbili kwa kosa lilelile la kuuza dawa za vijidudu kidonge kimoja kimoja, kama pipi. Kwa hiyo alikwenda akiwa na uhakika wote, na katika kazi hii uhakika wa mapema ni maradhi.

Dirisha alipomwona aliusukuma mkasi chini ya meza.

"Karibu, mkuu. Leo nafunga mapema. Mwili hauko sawa."

"Saa nne asubuhi? Nitolee daftari la mauzo. Mkasi uache hapohapo ulipouficha, nitaukuta siku nyingine."

Alisoma wiki tatu za mauzo, mstari kwa mstari, huku Dirisha akijipepea kwa kipande cha boksi. Kulikuwa na dawa za kikohozi, za minyoo, za kuumwa kichwa. Hakuna hata moja ya mtoto mchanga. Akaingia ndani, akapekua rafu, akanusa chupa, akafungua hata boksi la viatu. Lilikuwa na viatu.

"Mama mmoja mrefu, ana mwanya, mtoto wake wa wiki sita. Ulimuuzia nini?"

"Bomba la sindano, lile lisilo na sindano. La kunyweshea mtoto. Basi."

"Dirisha."

"Haki ya Mungu, mkuu! Maisha yangu yote hii ndiyo mara ya kwanza sina kosa, na ndiyo siku hutaki kuniamini!"

"La kunyweshea nini?"

Dirisha alishusha sauti. "Alikuwa na kikaratasi amekikunja, ndani kina unga. Akaniuliza, unga wa kapsuli ukishafunguliwa unakaa siku ngapi? Nikamwambia nionyeshe kapsuli yenyewe. Akasema ina rangi mbili, zambarau na nyeupe. Mkuu, nauza dawa miaka kumi na mitatu. Zambarau na nyeupe mji huu haijaingia. Nilipomuuliza kaitoa wapi, alikunja kikaratasi chake akaenda zake."

"Karatasi ya gazeti?"

"Nyeupe. Nyembamba, ndefu, kama mkanda wa cherehani. Haina hata herufi."

Bwana Afya aliandika neno "mkanda". Dawa ambayo haiuzwi mjini ilikuwa imemfikia mtoto ambaye hajawahi kutoka mjini. Alijua sasa kwamba anatafuta mgeni, na mgeni huja kwa mlango wa nyumba.

Nyumbani kwa mama wa mtoto palikuwa na chumba na sebule. Mamamkwe wake alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango, macho yake yote mawili yameingia ukungu mweupe.

"Nani huyo?"

"Bwana Afya, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Maji nimefunika."

"Sikuja kwa ajili ya maji, mama. Nimetoka hospitali."

Bibi alisimama mara moja, akautafuta mkono wa Bwana Afya hewani mpaka akaupata. "Mjukuu wangu amelia leo?"

"Bado, mama."

"Mtoto anayelia unajua anataka nini," alisema bibi. "Huyu anyamazaye sijui nimpe nini."

Alipoomba kupekua nyumba, bibi alimruhusu. Bwana Afya alianza kwenye rafu ya vyombo, akainua godoro, akachungulia ndani ya mitungi, akachokoa shimo la taka kwa fimbo. Hakupata kapsuli wala boksi lake. Saa saba kasoro robo alikuwa ameketi sebuleni ana vumbi mpaka kwenye nyusi, na mbele yake kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho hakuwa amekifungua: mkebe wa biskuti.

"Hizo ni barua za mwanangu," alisema bibi aliposikia mfuniko. "Kama macho yako ni mazima, nisomee. Mkwe wangu hunisomea kila jioni. Tangu walazwe nina njaa nazo."

Bwana Afya alitaka kusema hana muda. Kisha akaiona karatasi ya juu. Ilikuwa nyembamba kuliko nyingine. Pambizo zake zilikuwa zimekatwa kwa mkasi, kushoto na kulia, mikanda mirefu miwili imeondoka. Lakini hakuna neno lililoguswa. Mahali ambapo mwandishi alijisahau akafika ukingoni, mkasi ulikuwa umelizunguka neno lake taratibu, ukaendelea chini.

"Nitakusomea, mama. Naanza na hii ya mwisho."

Alisoma. "'Mke wangu mpenzi, salamu nyingi kama mchanga wa huku. Joto linakausha hata mate.'" Midomo ya bibi ilikuwa ikienda pamoja naye, bila sauti, na mahali pengine ilimtangulia. "'Mama mwambie asikae sakafuni, baridi itampanda magotini. Mtoto nimemwona kwenye ndoto, ila alikuwa amenipa mgongo. Nilikuwa na kifua, sasa nimepona. Daktari wa kambi alinipa kapsuli kumi na nne. Nimekula saba nikapata nafuu, saba nimewawekea. Ni dawa kali, huko haipo. Mtoto akipata homa mpe, angalau kitu changu kitakuwa kimemfikia.'"

Midomo ya bibi ilikuwa imesimama.

"Hapo pa kapsuli umepatoa wapi?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

"Barua hiyo naijua kuanzia salamu mpaka sahihi. Baada ya 'sasa nimepona' inakuja 'nakubusu mkono mama'. Hayo mengine sijawahi kusomewa."

Bwana Afya alimsomea tena sehemu ile, neno kwa neno. Bibi akasema, "Mwanangu aliugua, akala nusu?" Alirudia kuisema nusu ile mara mbili, kwa uchungu, kwa sababu mama hata kama mjukuu yuko taabani bado ana mtoto wake.

Saa nane na dakika tano Bwana Afya aliiweka barua juu ya kitanda cha sita.

"Mkasi wako una adabu sana, binti yangu. Umelizunguka kila neno lake."

Mama wa mtoto aliitazama barua. Machozi yalimtoka kabla uso haujabadilika.

"Nilihitaji karatasi safi ya kugawia unga. Kapsuli moja mafungu manne. Nisingeweza kukata maneno yake."

"Niambie yote. Gari linaondoka saa tisa."

"Homa ya kwanza nilimpa siku tatu, asubuhi na jioni. Ikaondoka kabisa. Nikasema nisizimalize, nibakize za siku nyingine."

"Kama mumeo."

"Kama mume wangu. Homa iliporudi nikampa tena, siku mbili, mpaka asubuhi ile ya degedege. Safari hii homa haikusikia dawa."

"Vijidudu ni kama wezi," alisema Bwana Afya. "Ukiwapiga nusu ukawaachia, wanarudi wameshaizoea fimbo yako. Kwa nini ulituficha?"

Alijibu akimtazama mtoto. "Ningesema, angejua. Yuko peke yake huko, baba. Alijinyima dawa akiwa mgonjwa ili imfikie mwanawe. Nimwambie nini, kwamba ndiyo imemlaza? Asingerudi. Nami namtaka arudi. Namtaka mpaka nalala upande wake wa kitanda ili upande wangu ndio uwe mtupu."

Bwana Afya hakuliandika hilo. "Mimi sitamwambia. Kumwambia ni kazi yako. Zilizobaki ziko wapi?"

"Nilizitupa chooni siku tuliyolazwa."

"Zote?"

Mkono ulitoka chini ya paja ukalikamata fundo kwenye pindo la nguo. Bwana Afya alikumbuka kwamba alikuwa ameliona asubuhi, akaliita nauli, na karibu saa sita zimepita tangu hapo. Aliona haya.

"Moja ilinishinda," alisema mama. "Mume wangu aliifunga mwenyewe kwenye karatasi. Ilipita kwenye vidole vyake."

Alilifungua fundo kwa meno. Kapsuli ilikuwa ndogo, zambarau na nyeupe, na ubavuni ilikuwa na herufi mbili na tarakimu tatu zimechapwa. Aliishika kiganjani.

"Nitarudishiwa?"

"Hapana, binti yangu."

Aliitia mwenyewe kiganjani mwa Bwana Afya, akamkunja vidole juu yake, kisha akarudi kuikalia mikono.

Mama Hadubini alikuwa na kitabu kinene cha dawa, na alikijua kama wengine wanavyoijua njia ya sokoni. Alizitafuta zile herufi na tarakimu, akapitisha kidole chini ya mstari, akavua miwani.

"Huyu na dawa ya tatu ni ndugu. Baba mmoja, mama mmoja. Mtoto angedungwa dawa ya tatu ambayo vijidudu vyake vimeshakaa nayo mezani."

Daktari aliijaza fomu akiwa amesimama. Aliandika jina la dawa, tarehe, siku tatu, kisha siku mbili, na hakuandika huenda popote. Kapsuli iliingia kwenye bahasha, bahasha ikabanwa kwenye fomu. Dereva alikuwa ameshawasha gari. Bwana Afya, mwenye miaka hamsini na minane na kitambi cha kuonea aibu kazini, alikimbia uwanja mzima wa hospitali mbele ya wagonjwa wa nje, na wengi walidhani kipindupindu kimeingia.

Gari lilirudi Jumatano asubuhi na boksi moja lenye barafu.

Ijumaa alasiri alikwenda wodini kufunga faili lake. Maji mengine ya uti wa mgongo, yaliyochukuliwa Jumanne ile gari lilipoondoka, nguvu ya kapsuli ikiwa imeisha, sasa yalikuwa yameotesha madoa, na Mama Hadubini alikuwa amemwonyesha sahani. Madoa yalikuwa yamefika mpaka kwenye kidonge cha majaribio cha dawa ya tatu, kama majani yaotayo juu ya kibao cha usikanyage. Kuzunguka dawa ya mwisho palikuwa peupe. Homa ya mtoto ilikuwa imeshuka asubuhi hiyo kwa mara ya kwanza. Utosi ulikuwa umetulia. Lakini hakuwa amelia, na daktari alipoulizwa kama akili na masikio vitabaki salama, alisema tu kwamba anasubiri.

Simu ya mama iliita saa kumi na dakika ishirini. Aliitazama, akamtazama Bwana Afya, akaiweka kwenye godoro kwa sauti ya nje.

"Haloo? Mke wangu? Nimepanda kilima, nyuma yangu kuna foleni. Mtoto hajambo?"

"Yuko hospitali. Uti wa mgongo." Alivuta pumzi. "Sikiliza usikate. Dawa uliyotuma nilimpa. Nikamwachisha katikati, vijidudu vikaizoea. Na wewe uliiacha katikati. Nilikuficha. Sasa nimekwambia."

Upepo ulivuma kwenye simu kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo ni mimi," ilisema sauti.

Bwana Afya aliinamia godoro. "Mwanangu, mimi ni Bwana Afya wa hapa. Wewe ulimbakizia mwanao, mkeo akambakizia mwanao. Kosa lenu ni moja na mmegawana sawa. Ukipewa dawa tena, imalize mwenyewe mpaka ya mwisho. Na huku usitume tena dawa. Jitume wewe."

"Naomba ruhusa mwezi wa tatu sasa, mzee, hawanipi."

"Omba tena."

Muuguzi alikuwa amefika na sindano ya saa kumi na nusu. Alifungua bandeji kwenye mguu wa mtoto, akapapasa mshipa, akachoma. Mtoto alikunja uso. Mdomo ulifunguka, ukatetemeka bila sauti, kisha akalia. Kilikuwa kilio chembamba, kikavu, chenye kukatika, lakini kilikuwa kilio, na wodi nzima iligeuka kutazama kitanda cha sita.

"Nani huyo?" iliuliza simu.

Mikono ya mama ilikuwa imeshatoka ilikokaliwa, iko hewani juu ya mtoto, na muuguzi alimwitikia kwa kichwa kwamba sasa anaweza kumnyanyua.

"Ni mwanao," alisema Bwana Afya.

"Nyamaza baba, nyamaza," mama alianza, akiinama. "Nyamaza, mama yupo."

"Usimbembeleze!" Sauti ya jangwani ilikuwa imepasuka. "Usimbembeleze kwanza. Mwache alie kidogo, nimsikie."